Kuku Aliyevunjwa Mguu kwa Ajili Yangu

Dada yangu Feliste tulimzika Mantapala siku ya Jumamosi, na Jumapili asubuhi bado nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa msiba nikijiuliza swali ambalo mtu wa umri wangu hapaswi kuwa nalo mbele ya wafiwa: yule kuku, alimchinja kwa bahati mbaya au kwa kukusudia? Waliokuja kunipa pole waliniona nimeinama, wakadhani ninalia. Nilikuwa ninalia kweli, lakini nilikuwa pia na hasira, na hasira ya kumkasirikia marehemu haina pa kwenda. Nimeishi na swali hilo tangu ujana. Kila nilipotaka kumwuliza, ama alikuwa ng'ambo ya ziwa, ama alikuwa na wageni, ama alikuwa amepika chakula kizuri mno cha kuharibiwa na maneno. Sasa amekwenda na jibu lake. Husemwa maji yakimwagika hayazoleki. Mimi yangu sijui hata kama yalimwagika yenyewe au kuna mkono ulioinamisha ndoo.

Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya sabini. Tulikaa Kashikishi, karibu na bandari, nyumba ya vyumba viwili vya matofali mabichi, na jiko nje. Mama alikuwa ameanza kupoteza macho. Alitutambua kwa jinsi tulivyokanyaga, na ukitaka kumpita bila kutumwa ulivua viatu. Mimi na Feliste tulijua bila kuambiwa kwamba mmoja wetu atabaki naye. Feliste alikuwa na mchumba wa ng'ambo, Kilwa ya upande wa Zaire, mfanyabiashara aliyeleta vitenge na kurudi na samaki. Mimi nilikuwa na jeshi. Nisijisifu, haikuwa mapenzi ya nchi. Nilitaka buti. Nilitaka kitanda cha peke yangu, na nyama ya ng'ombe, maana nilikuwa nimekula chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, asubuhi na jioni mpaka nikahisi hata jasho langu lingeweza kuanikwa na kuuzwa. Wanajeshi walikuwa wakija boma la Nchelenge kila mwaka wakati wa baridi kupima vijana, kuwakimbiza, kuwabebesha mizigo, kuwaangalia meno na kifua. Mimi na rafiki yangu Kapembwa, ambaye tulivuta naye mashua za watu, tuliapizana kwamba safari hii tutakwenda pamoja. Kwetu nyumbani, kati yangu na Feliste, anayewahi kuondoka ndiye anayeondoka. Atakayechelewa atamshika mama mkono. Hilo hatukulisema kwa sauti, mimi na dada yangu, lakini lilikaa nasi mezani kila siku.

Kisha, mvua zikiwa bado zinapiga, mashua ya tajiri wetu iliteleza juu ya magogo tulipokuwa tukiivuta nchi kavu, ikanilalia mguu wa kulia chini ya goti. Nilisikia mlio kwanza, kama muhogo mkavu unapovunjwa, nikageuka kumtafuta aliyeumia. Hospitali walinifunga plasta, wakaniambia nisiukanyagie mpaka watakaponiruhusu. Mama hakuamini kitu asichoweza kukipapasa. Mguu ulio ndani ya chokaa, alisema, ni kama mtu aliyezikwa kabla ya kufa. Basi akamwita Bana Chola, yaani mama wa Chola, mwanamke mnene aliyeuza samaki wa moshi sokoni na kuunga mifupa ya watu wa bandari nzima. Alilowesha ile plasta kwa maji ya moto, akaikata kwa kisu chake cha samaki huku akilalamika kwamba ninanuka kuliko bidhaa yake, akanipapasa kwa kidole gumba mpaka nikaita majina ya watu waliokufa.

"Leteni kuku," alisema. Feliste akauliza kama jogoo anafaa. "Jogoo? Awe, hapana! Jogoo iko na majivuno, itatembea mbele ya kupona. Leta ile mwanamuke yekundu."

Wanaojua desturi hiyo wanajua kilichofuata. Alimshika kuku yule mwekundu, akamvunja mguu mahali palepale mimi nilipovunjika. Nikageuza uso ukutani. Halafu alitufunga sote wawili kwa vijiti na kamba za magome, mimi kwanza, kuku baadaye, dawa ileile, fundo lilelile. "Huyu njo rafiki yako," akaniambia. "Siku atatembea bila kuchechemea, na weye utatembea. Mbele ya pale, hata Lesa, Mungu mwenyewe, akikuita, ukae."

Nikakaa. Kuku alifungwa kwa ukanda wa kitenge chini ya upenu, karibu na mlango wa chumba changu, na tukawa tunatazamana. Chumba kile kilikuwa na dirisha dogo la kuelekea ziwani, na ukuta wake wa upande wa pili ulikuwa mwembamba kiasi kwamba niliishi ndani ya mazungumzo ya watu wengine. Nilisikia bei za samaki, nilisikia mama akimwambia Feliste asitie chumvi nyingi, nilisikia wachuuzi wa ng'ambo wakilaaniana kwa Kifaransa. Kila asubuhi, kabla ya kuosha uso, nilichungulia nione kuku amesimama vipi. Akiwa amekunja mguu, siku yangu iliharibika. Akigusa chini kidogo, nilimwita mama kumwambia, na mama alifurahi kwa dhati. Sijawahi kumpenda mnyama kabla au baada ya hapo. Nilimtengea punje za mahindi kwenye sahani yangu. Kapembwa akija kunitembelea hakuniuliza mimi hali, alichuchumaa kwanza mbele ya kuku na kumwamkia, "Shani, dokta? Mgonjwa wako tutamchukua?"

Lakini mambo hayakuwa rahisi hivyo. Mganga mmoja wa hospitali alipita nyumbani, akaona nimetoa plasta, akanigombeza mpaka akakauka koo. Alipomaliza, akanishika mguu, akasema mfupa umeshikana vizuri, nianze kutembea. Siku ileile kuku alikuwa bado anaruka na mguu mmoja. Sasa niamini nani? Mtu aliyesoma, ambaye alinishika kwa muda wa kuwasha sigara, au kuku aliyevunjika pamoja nami? Mvua zilikuwa zimekwisha, habari ya wanajeshi ilikuwa imeshafika sokoni, wanakuja mwisho wa wiki ile inayofuata. Nilimchagua kuku. Kila mtu nyumbani aliona nimefanya la busara, Feliste pia.

Siku chache kabla ya upimaji, mshenga wa mchumba wake alifika bila taarifa. Alitazamiwa baadaye, lakini ziwa lilikuwa limetulia baada ya upepo wa siku nyingi na hakutaka kuipoteza nafasi. Nilikuwa nimelala. Niliyasikia yote kupitia ukuta: kiti kinaburutwa, mama anatafuta kitambaa chake cha kichwa, mzee yule anakohoa kwa adabu.

"Mwaiseni, mukwai," mama alimkaribisha.

"Mama, miye sikuya kukaa. Nilikuya kuona kama humu ndani moto iko inawaka. Kwetu kuko baridi."

"Moto iko. Lakini mutu haombe moto na njaa. Ukae kwanza, ukule."

Ndivyo wanavyoposa watu wetu, na mama alijibu vizuri. Nikasikia nyayo za Feliste nje. Nikasikia kuku wangu akilalamika kidogo, kama alivyofanya kila alipohamishwa kivulini. Nikafikiri, dada mwema, amekumbuka jua. Nikageuka upande wa pili nikalala tena. Hilo ndilo nililofanya.

Harufu ya mchuzi iliniamsha. Mshenga alikula kwa utaratibu, akisifu ugali, na alipomaliza akaacha mguu mmoja wa kuku kwenye sahani, maana mgeni mwenye adabu hamalizi, huacha kitu kwa ajili ya nyumba. Nilimsikia mama akisema, "Mupelekee Mulenga, anatafuta nguvu." Feliste akaniletea. Aliiweka sahani kwenye kigoda bila kuniangalia, lakini siku ile hakuwa akimwangalia mtu yeyote, msichana anayeposwa hutembea na macho yake chini. Nilikula kwa furaha. Ulikuwa mchuzi mzito wa nyanya na karanga, na mimi sikuwa nimeonja kuku tangu Pasaka. Meno yangu yakagonga kitu. Nikautoa mfupa mdomoni, nikausogeza kwenye mwanga wa mlango. Katikati yake palikuwa na kifundo, kigumu, kama kiungo cha kidole mahali pasipo na kiungo.

Nikatazama chini ya upenu. Vijiti vya kuku vilikuwa vimewekwa pamoja juu ya jiwe, na ukanda wa kitenge ulikuwa umefunguliwa na kukunjwa vizuri kando yake. Kuku hakuwapo.

"Feliste!"

"Usipige kelele, mukwe atasikia."

"Kuku yangu iko wapi?"

Aliangalia mfupa mkononi mwangu. Akaweka kiganja mdomoni. Mpaka leo ninaweza kuuona uso ule, na mpaka leo siusomi. "Jogoo ilikimbia," akanong'ona. "Zote zilikimbia. Ulitaka niifukuze mu kiwanja, mukwe anaangalia? Baseme wanaoa binti wa mbio? Ile yako njo haikukimbia."

Na hilo ni kweli. Msichana anayeulizwa habari ya ndoa hawezi kuonekana akifukuza kuku uani, nguo zikimpanda, mshenga amekaa kitini. Mama haoni. Mimi nimelala. Kuku mmoja tu katika uwanja mzima alikuwa hawezi kukimbia, kwa sababu alivunjwa mguu ili mimi nipone. Msichana yeyote wa Kashikishi angefanya hivyo. Nimejieleza hivi mara nyingi na kila mara ninaridhika, mpaka ninapoukumbuka ule ukanda. Mtu mwenye haraka hukata. Yeye alifungua fundo la Bana Chola, fundo linalosumbua hata vidole vya mvuvi, kisha akakunja kitambaa.

Bana Chola alikuja asubuhi na vumbi la soko miguuni. Mama alimweleza kwa sauti ya mtu aliyevunja chombo cha kuazima. Yule mwanamke alichukua mfupa, akaupapasa, akaunusa, akauuma.

"Ilishika?" nikauliza.

"Ilishika. Sasa, ilishika yenyewe, ao ni nyungu ya moto ilishikisha? Sijue. Kuku haiulizwe ikiwa mu mchuzi." Akatutazama mmoja mmoja. "Nani alikula huu muguu?"

"Ni mimi."

Bana Chola alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni na kujifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mama naye akacheka, masikini, kwa kumfuata tu. Feliste hakucheka. "Basi weye njo kuku sasa," Bana Chola akasema. "Amuka. Tembea, tuangalie."

Nilitembea mpaka mlangoni na kurudi. Mguu haukuniuma. Lakini haukuniuma kwa sababu umepona, au kwa sababu sikuuamini na sikuuegemea? Bana Chola alisema anaweza kuvunja kuku mwingine tuanze upya, na tungoje. Wanajeshi wasingengoja. Nikasema nitakwenda hivyohivyo, naye akainua mabega, akasema kuku ameamua.

Siku zilizobaki nilijifunza kukimbia tena kwenye mchanga na Kapembwa. Alikuwa mbele, akilia kama kuku kunichekesha. Mimi nilikuwa nyuma, nikitua kwa mguu wa kushoto kwa nguvu na kuugusisha wa kulia chini kama mtu anayeonja maji ya moto. Jioni mguu mzima, wa kushoto, ulivimba, na ule uliovunjika ulikuwa baridi na kimya. Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Kwamba ninaumwa mahali ambapo sikuumia?

Uwanja wa boma siku ile ulijaa vijana kutoka pwani yote ya ziwa, wengi miguu mitupu, wengine wamevaa suruali za kaka zao. Upepo ulikuwa wa baridi kali. Akina mama waliuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, na mihogo ya kuchoma pembeni, wakitutathmini kwa sauti kubwa kuliko wanajeshi. Nilinyoosha kifua, nikaonyesha meno, nikasukuma ardhi kwa mikono mpaka sajini akachoka kunihesabia. Halafu tukapangwa barabarani. "Butukeni!" akapiga kelele, na tukakimbia. Ilikuwa kwenda hadi njia panda na kurudi. Nilikwenda vizuri. Nakumbuka furaha, na ninaitaja kwa sababu watu hudhani siku za kushindwa huwa chungu tangu asubuhi. Niliwapita watu. Nilimwona Kapembwa mbele, mgongo wake unang'aa, nikajiambia buti, buti, buti. Wakati wa kurudi kifundo cha mguu wa kushoto kilianza kuwaka. Nilitaka kuhamishia uzito kulia, lakini nilimkumbuka kuku na kile kifundo cha mfupa katika meno yangu, na sikuthubutu. Nikamaliza. Sikuwa wa mwisho.

Daktari wa jeshi alikuwa kijana, amevaa miwani, anazungumza Kibemba cha mjini. "Unachechemea," akaniambia.

"Sichechemei, bwana."

"Tembea." Nikatembea. Akachuchumaa, akaushika mguu wangu wa kushoto, akaubonyeza, nami nikaruka. "Huu uliuvunja lini?"

"Huo sikuuvunja, bwana. Niliuvunja huu mwingine."

Akaushika wa kulia. Aliupapasa juu mpaka chini, akaugonga kwa kiganja, akanisimamisha juu yake peke yake, na ukanibeba. Alinitazama kama ninayemfanyia mzaha. "Huu ni mzima kabisa," akasema. "Mbona unaukimbia?" Nilifungua mdomo kumweleza habari za kuku, nikaona mahali pa kuanzia hapapo. Akasema nirudi nyumbani na miguu yote miwili. Waliofaulu waliwekwa alama ya chaki mgongoni. Kapembwa aligeuka kunitafuta, na chaki yake ikanipita mbele ya macho ilipokuwa inapanda lori.

Watu wa ng'ambo walirudi na jibu kabla ya mvua nyingine. Mshenga alikuwa amesifu sana utulivu wa binti yetu. Siku Feliste alipovuka, mimi nilisimama kwenye mchanga nimemshika mama mkono, na yeye akiwa na mguu mmoja ndani ya mashua alinigeukia ghafla. "Mulenga, muguu unakuumaka bado?" Nikamwuliza, "Upi?" Wanawake walikuwa wanaimba, mtumba wa vyungu ulikuwa unapakiwa, akaketi, wakamfunika kitenge.

Sitaki kusema kwamba maisha yangu yaliharibika pale. Kapembwa, ambaye nilimwonea wivu kwa miaka, alifanywa mpishi wa jeshi, akanenepa, akastaafu bila kuona vita, akafungua baa Kabwe. Aliniambia buti zilimpa malengelenge. Mimi nilinunua nyavu, nikaoa, nikazeeka na mama mpaka akafa akijua nyayo za wajukuu wake. Siku nyingi ninashukuru. Siku nyingine ninaamka nikiwa kijana mwenye mguu mzima asioukanyagia, na siku hizo ninataka mtu wa kumlaumu, na wa karibu alikuwa mmoja tu. Kisha nawaza: mbona nilimpenda vile? Mbona kila nilipovuka kumtembelea alinichinjia kuku, nami nikala nikacheka, tukaongea habari za kila kitu? Miaka ilipopita vita vya ng'ambo vikamrudisha kwa mashua upande wetu, mjane, na wajukuu mgongoni, akapitia kambi ya wakimbizi ya Kenani, akapewa shamba huku Mantapala. Tulikaribiana tena, mwendo wa baiskeli tu. Ningeweza kumwuliza Jumapili yoyote.

Jumapili hiyo ya msiba, binti yake mkubwa, Solanji, aliniletea chakula changu kando. Wengine walikula maharagwe. Mimi ni mjomba, nilipikiwa kuku. Aliniwekea maji ya kunawa, akapiga goti, akafunua sahani: firigisi, mgongo, shingo, bawa. Mchuzi wa nyanya na karanga. Sijui ni kitu gani kilinisukuma. Labda nilikuwa nimechoka.

"Solanji, mama. Muguu iko wapi?"

Alishtuka, akaangalia nyuma kama aliyefumaniwa. "Yama, mujomba wangu, muguu tulipatia batoto. Mama alikatazaka."

"Alikatazaka nini?"

"Muguu ya kuku. Tangu tukiwa badogo, kule Kilwa. Mukiya kututembelea, alikuwa anaitoa mwenyewe mu nyungu mbele ya kupakua. Alisemaka, mujomba wenu musimupatie muguu hata siku moja, hata siku miye sitakuwako." Akaniangalia kwa wasiwasi. "Hakusemaka juu ya nini. Siye tulijua ni mwiko yenu ya ukoo. Haiko mwiko?"

Nilijaribu kukumbuka sahani zote nilizowahi kula kwake, nyumba ya ng'ambo na nyumba ya hapa, na katika zote sikuona mguu hata mmoja, na sikuwahi kuona kwamba haupo. Nje mtu alianzisha wimbo wa kanisa, na wengine wakaudaka. Solanji bado alikuwa amepiga goti, anangoja kujua kama amenikosea.

"Ni mwiko," nikamwambia. "Umefanya vizuri, mama. Uwafundishe na batoto bako."

Nikanawa mikono, nikala.